Salamanca, mji wa neno «dijo»

Mtu akitoka Madrid na kushika njia ya magharibi, hupanda kwanza milima, kisha hutokea katika nchi ya juu iliyo tambarare, yenye mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa na miti ya mialoni iliyosimama mmoja mmoja, kama ng'ombe walioachwa na mchungaji. Baada ya kilometa zipatazo 200 minara ya kanisa kuu huonekana kwa mbali, na chini yake mto Tormes na daraja la mawe. Matao ya daraja hilo yaliyo karibu na mji ni kazi ya Warumi wa kale. Mengine yalijengwa upya baada ya gharika kubwa ya mwaka 1626. Huko ndiko Salamanca. Mji una wakaaji wapatao 140,000, nao umejengwa kwa jiwe la mchanga linalochimbwa Villamayor, kijiji cha jirani. Jiwe hilo likiwa bado bichi ni laini, mafundi hulichonga karibu kama ubao. Likikaa hewani hukauka, hugeuka gumu, na chuma kilichomo ndani yake hulitia rangi ya dhahabu. Saa mbili ya jioni, katika mwezi wa saba, jua bado lipo juu ya nyumba, na mji mzima unang'aa kama mkate uliotoka tanuruni sasa hivi.

Sisi tulikwenda huko wakati wa likizo ili kujifunza Kihispania. Nyumbani walikuwapo waliotuuliza, si bila kucheka, Kihispania ni cha nini kwa mwalimu wa Kivu. Tuliwajibu kwamba lugha hiyo ndiyo lugha ya serikali katika nchi ishirini na zaidi, wala si ng'ambo ya bahari tu: Guinea ya Ikweta, ambayo ni Afrika kama sisi, watoto wake husoma katika Kihispania. Tena tulikuwa na Kilatini cha seminari na Kifaransa cha shule, na mtu mwenye mama na dada wa lugha fulani hataogopa sana kumwamkia dada wa pili.

Darasa letu lilikuwa na watu kumi na wawili kutoka nchi saba. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuongoza waimbaji, ambaye hakupenda maneno mengi. Siku ya nne aliandika ubaoni kitenzi cha kusema, «hablar», katika wakati uliopita: «hablé», nilisema, «hablaste», ulisema, «habló», alisema, na kuendelea hivyo. Yote yalikwenda kwa utaratibu, na uzito wa sauti ukiangukia mwisho wa neno. Kisha akafuta ubao akaandika kitenzi kingine, «decir», ambacho nacho maana yake ni kusema, lakini ni kusema jambo, kutamka neno fulani lijulikanalo. Tulingoja kuona «decí, deciste, deció». Badala yake akaandika: «dije, dijiste, dijo, dijimos, dijisteis, dijeron.» Mpolandi mmoja aliyeketi nyuma akatia kalamu yake mfukoni, kama mtu aliyekwisha kushindwa kesi.

Msomaji aelewe taabu iko wapi. Herufi «c» ya «decir» imetoweka, na mahali pake imekuja «j», ambayo Wahispania huitamka kooni, kama «kh» katika «kheri» ya watu wa pwani. Irabu «e» imegeuka «i». Sauti nayo imeacha mwisho wa neno ikarudi nyuma: si «dijé» bali «díje», wala hapaandikwi alama yoyote juu yake. Tena katika wingi, pale ambapo mtu angetumaini «dijieron», ile «i» humezwa: «dijeron».

Lakini aliyepita seminarini, akiyatazama maneno hayo kwa makini, huona sura ya mtu anayemjua. «Dixi, dixisti, dixit, diximus, dixistis, dixerunt»: je, si Kilatini tulichokaririshwa tukiwa na miaka kumi na mitatu, tukitembea ukumbini huku na huku? «Dico» hufanya «dixi», kama «duco» inavyofanya «duxi», na «traho» inavyofanya «traxi». Wahispania wameyahifadhi yote matatu: «dije» nilisema, «traje» nilileta, na «conduje» niliongoza. Hivyo vitenzi vinavyoitwa vikaidi havikuasi kanuni. Ni wazee wa nyumba. Vilikuwapo kabla ya kanuni ya leo, nayo ilipokuja kuwapanga vijana katika mistari, wazee walibaki wamekaa vitini mwao.

Kwa nini vilibaki? Mwalimu wetu alitufafanulia kwa maneno machache, na tunadhani ni kweli. Neno linalotumika kila siku halipati nafasi ya kusahauliwa. Mtoto husikia «dijo» mara mia kabla hajaota meno yote. Umbo hilo humwingia masikioni kabla ya kanuni kumwingia kichwani. Kitenzi kinachotumika mara moja kwa mwaka, hicho mtu hukisahau, hukitengeneza upya kwa kufuata jirani zake, na hivyo hunyooka. Ndiyo maana vikaidi vya Kihispania ni vile vya kazi za kila siku: kuwa, kwenda, kuja, kufanya, kuweka, kuweza, kujua, kutaka, kusema. Hata wenyewe huteleza. Kitenzi cha kutembea, «andar», hutaka «anduve», lakini katika Hispania yenyewe wapo watu wazima wengi wasemao «andé», na walimu huwasahihisha bila kuchoka.

Ndugu wasomaji, tusijisifu kwamba Kiswahili chetu hakina mambo hayo. Kweli, katika wakati uliopita sisi ni watu wa raha: nilisema, nilileta, nilifanya, «li» moja yatutosha sote. Lakini tukiamuru? Soma, andika, kaa; halafu, kwa kuja, hatusemi «ja», twasema «njoo». Kwa kwenda twasema «nenda», na kwa kuleta twasema «lete». Ni amri zilezile anazozisikia mtoto tangu asubuhi hata usiku, nazo ndizo zilizokataa kunyooka. Na kwetu Kongo, je, watu hawaiti «kuya!» kutoka mlango hadi mlango? Wale wamefanya kama watoto wa Kihispania: wameshika kanuni, wakamwacha mzee. Hata ile «li» yetu ina historia, kwani ni kitenzi cha zamani cha kuwa, kilekile tunachokiona katika «aliye» na «uliopo». Wahispania wamefanya jambo la ajabu zaidi: «fui» yao yasema «nilikuwa» na pia «nilikwenda». «Fui maestro», nilikuwa mwalimu. «Fui a Salamanca», nilikwenda Salamanca. Maneno yanayofuata ndiyo yanayomwambia msikilizaji ni lipi kati ya hayo mawili.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji waliosoma Kifaransa watalifurahia. Katika Kifaransa wakati huu uliopita, ule wa «il dit» na «il fut», umekimbilia vitabuni. Mtu akiutumia sokoni watu watadhani anasoma hadithi kwa sauti. Katika Hispania ungali hai midomoni mwa wauza samaki. Tena hapo Salamanca hupangwa kwa njia itakayompendeza Mswahili. Mama mjane aliyetupangisha chumba alituuliza kila jioni, «¿Adónde ha ido usted hoy?», yaani, umekwenda wapi leo? Kwa leo hutumia umbo linalofanana na «me» yetu: «he dicho», nimesema. Kwa jana hutumia «dije», nilisema. Siku haijafungwa, tendo nalo halijafungwa. Usiku ukipita, mlango hufungwa. Mmeksiko mmoja aliyekuja kututembelea darasani alisema kwamba kwao hata jambo la asubuhi hii huambiwa «dije», wala hakuna anayeshangaa.

Ugumu wenyewe ulikuja wiki ya pili. Kihispania kina wakati uliopita wa namna mbili. Pana «dijo», alisema, mara moja, pakaisha. Na pana «decía», alikuwa akisema, au alizoea kusema, bila kuonyesha mwanzo wala mwisho. Mwalimu alitutaka kila mmoja wetu atunge sentensi juu ya jambo aliloambiwa na mzazi wake. Sisi tulisema: «Mi padre decía que el campo es del que lo trabaja.» Baba alikuwa akisema kwamba shamba ni la yule anayelilima. Mwalimu akauliza, «¿Lo decía o lo dijo?» Alikuwa akisema, au alisema?

Hakujua ni kidonda gani alichokigusa. Baba yetu alifariki mwaka uliotangulia. Ana shamba karibu na mto, hekta moja na kidogo, ambalo kaka yetu mkubwa amelilima kwa miaka kumi na miwili. Baada ya matanga baba mdogo alisimama mbele ya wazee akasema, «Marehemu alisema shamba la mtoni litanirudia mimi.» Sisi watoto tulisikia kila mwaka, wakati wa kupanda, kwamba shamba ni la mlimaji. Baba mdogo ana «dijo» moja, na sisi tuna «decía» nyingi. Lipi ni zito? Mwalimu, tulipomweleza kwa ufupi, alinyamaza kidogo, akasema kwamba sarufi haina baraza. Kisha akamgeukia Mpolandi.

Alasiri za Salamanca hatukuwa na masomo, nasi tulitembea. Ni vema mgeni aanzie chuo kikuu, kwani mji wenyewe ulilelewa naye. Mfalme Alfonso IX wa León alikianzisha mwaka 1218, na mwaka 2018 kilitimiza miaka 800. Ukuta wake wa mbele, uliochongwa karne ya 16, umejaa maua, ngao na nyuso, na mahali fulani juu ya fuvu la kichwa ameketi chura mdogo wa jiwe. Wanafunzi husema kwamba amwonaye bila kuonyeshwa atafaulu mitihani. Wageni husimama hapo saa nzima, vichwa juu, na ukuta wote uliobaki hawautazami. Penye kanisa kuu, katika mlango uitwao Puerta de Ramos, pana ajabu nyingine: mtu amevaa mavazi ya kwenda mwezini, amechongwa kati ya majani. Tulimsikia baba mmoja akiwaambia watoto wake kwamba mafundi wa kale walitabiri. La. Fundi alimchonga mwaka 1992, mlango ulipotengenezwa upya. Jiwe ni lilelile na rangi ni ileile, nalo halisemi limechongwa lini.

Katika mji huohuo, mwaka 1492, ilipigwa chapa sarufi ya kwanza ya lugha ya Kikastilia, ndiyo Kihispania. Mtungaji wake, Antonio de Nebrija, alisoma hapo, kisha Bologna katika Italia, kisha akarudi kufundisha Kilatini. Kitabu chake kilitoka tarehe 18 Agosti, siku kumi na tano tu baada ya Kolumbo kung'oa nanga. Wengi walishangaa wakati ule: Kilatini kina sarufi, lakini lugha ambayo mtoto huinyonya pamoja na maziwa, ya nini kuiandikia kanuni? Sisi ambao lugha zetu ziliandikiwa sarufi juzijuzi twalifahamu swali hilo vizuri. Na Nebrija hakutamka «dije» kama tulivyofundishwa sisi. Zamani zake waliandika «dixe», wakasema «dishe», kwa sauti laini ya mbele ya kinywa. Kooni ilihamia polepole katika karne ya 16 na ya 17. Kitenzi kikaidi nacho husafiri.

Mbele ya ukuta wa chura pana uwanja mdogo, na katikati yake sanamu ya mtawa wa Mt. Agustino, mkono mmoja umenyoshwa kama wa mtu anayetuliza darasa. Huyo ni Fray Luis de León. Alifundisha teolojia hapo, naye alijua Kiebrania. Mwezi wa tatu wa mwaka 1572 alikamatwa na mahakama ya Inkwizisyo, akafungwa Valladolid karibu miaka mitano. Walimshitaki kwamba aliyainua maandiko ya Kiebrania juu ya tafsiri ya Kilatini, na kwamba aliutafsiri Wimbo Ulio Bora kwa Kikastilia, lugha ya jikoni na ya sokoni. Tafsiri hiyo aliifanya kwa ajili ya mtawa mmoja wa kike asiyejua Kilatini. Mwisho wa mwaka 1576 alifunguliwa, naye akarudi Salamanca kwa shangwe.

Ukumbi unaoitwa kwa jina lake ungalipo. Ndani yake ni nusu giza. Mimbari ipo juu, na chini pana madawati ambayo ni magogo tu yaliyochongwa kwa shoka, membamba, bila mgongo, na wanafunzi wa kale wamekata majina yao juu yake kwa visu. Tukae pale kidogo, maana hapo ndipo Wahispania wote hupaweka neno lao maarufu. Wasimulia kwamba Fray Luis, siku ya kwanza ya kurudi, ukumbi ukiwa umejaa hata milangoni, watu wakingoja alaumu adui zake, alipanda mimbarini akaanza kwa utulivu: «Dicebamus hesterna die», tulikuwa tukisema jana. Miaka mitano gerezani aliifanya kuwa usiku mmoja.

Mwalimu wa sarufi hawezi kupita hapo bila kusimama. Hakusema «diximus». Angalisema «diximus», tulisema, maana yake ingekuwa: somo lile lilikwisha, tazameni sasa jipya. Alisema «dicebamus», na Wahispania wametafsiri sawasawa: «decíamos», wala si «dijimos». Tendo halikufungwa. Askari walilikata katikati, nalo linaendelea kutoka hapo lilipokatwa. Nguvu yote ya neno hilo imo katika silabi moja au mbili za kitenzi. Kiswahili nacho chaweza: «tulisema jana» ni taarifa, lakini «tulikuwa tukisema jana» hukufanya utegee sikio.

Basi, je, alilisema? Hapo ndipo tulipokaa sana juu ya magogo yale. Fray Luis alikufa mwaka 1591, na maneno hayo hayaonekani katika kitabu ila miaka mingi baada ya kifo chake. Tena kiti chake cha zamani kilikuwa kimekwisha kupewa mwingine. Chuo kilimpa kazi mpya, naye alianza kufundisha mwanzoni mwa mwaka 1577 katika somo ambalo si lile alilokuwa akilifundisha siku alipokamatwa. Mtu anayeanza somo jipya ataungaje na jana? Wataalamu wengi huliweka jambo hilo kati ya hadithi. Kijana aliyekuwa akiwaongoza wageni alisema kwa sauti kubwa, «Fray Luis dijo», alisema, akafunga. Mzee mmoja wa mji, aliyekuwa ameketi karibu nasi akipumzika kwa ajili ya joto, akanong'ona, «Dicen que dijo.» Wanasema kwamba alisema. Tulipenda kazi ya mzee huyo.

Mji huo una neno la pili la namna hiyo, nalo ni chungu zaidi. Miguel de Unamuno, mtu wa Bilbao, alikuja Salamanca mwaka 1891 kufundisha Kigiriki, akawa mkuu wa chuo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwezi wa saba wa mwaka 1936, mwanzoni aliwaunga mkono majenerali walioasi, kisha akaona rafiki zake wakikamatwa na kuuawa. Tarehe 12 Oktoba palikuwa na sherehe katika ukumbi mkubwa wa chuo. Alikuwapo askofu wa mji, alikuwapo mke wa Jenerali Franco, alikuwapo Jenerali Millán-Astray. Wasemaji waliwatukana Wabaske na Wakatalani. Unamuno hakuwa amepanga kusema. Alikuwa na barua mfukoni, aliyoandikiwa na mke wa mchungaji mmoja Mprotestanti aliyefungwa, mama huyo akimwomba msaada. Juu ya karatasi hiyohiyo akaandika kwa haraka maneno machache ya kumwongoza, na kati yake yapo «vencer» na «convencer», kushinda na kusadikisha. Akasimama, akasema. Jenerali akapiga kelele. Baada ya siku chache aliondolewa katika ukuu wa chuo, akakaa nyumbani mwake katika mtaa wa Bordadores, na huko alikufa tarehe 31 Desemba ya mwaka uleule.

Alisema nini? Hotuba inayojulikana ulimwenguni, nzuri na kali, iliandikwa na Luis Portillo, aliyekuwa mwalimu wa sheria hapo Salamanca, ikachapwa London mwaka 1941. Portillo hakuwapo ukumbini siku ile. Alikusanya aliyoyasikia, akayapa mwili. Mwaka 1961 mwanahistoria Mwingereza Hugh Thomas aliitia katika kitabu chake cha vita vile, na tangu hapo watu waliinukuu neno kwa neno. Magazeti ya mji ya siku iliyofuata yalikuwa yamechapa hotuba za wengine. Maneno ya Unamuno hayakuwamo. Kwamba alisimama, kwamba alipinga, kwamba alilipa, hayo ni kweli kabisa. Ile karatasi ipo. Lakini baada ya «dijo» mwandishi mwaminifu hawezi kufungua alama za kunukuu na kuzijaza. Wengine hukasirika wakiambiwa hivyo, wakidhani ni kumpunguzia mzee ushujaa wake. Sisi hatuoni hivyo. Mtu wa miaka sabini na miwili aliyesimama kati ya bunduki hahitaji kupambwa na sisi kwa maneno ambayo huenda si yake.

Jioni ile tulikaa katika uwanja mkubwa, Plaza Mayor, uliojengwa kati ya mwaka 1729 na 1755. Ni nyumba moja inayouzunguka uwanja pande nne, na juu ya matao nyuso za wafalme na wenye elimu zimechongwa katika duara. Uso wa Franco nao ulikuwapo hata mwaka 2017, ulipoondolewa. Saa nne ya usiku watoto wangali wanacheza mpira, mabibi wanakula aiskrimu, na wanafunzi wameketi chini juu ya mawe yenye joto la mchana. Hapo tulimwandikia baba mdogo ujumbe wa simu. Hatukumwuliza kama baba alisema au hakusema. Mtoto hamwulizi mdogo wa baba yake hivyo. Tuliandika: «Shikamoo baba. Twaomba utusaidie kukumbuka: siku ile marehemu alipokuambia habari ya shamba, ilikuwa siku gani, na ni nani aliyekuwapo pamoja nanyi?»

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Ilikuwa Jumapili baada ya Misa, alisema, wiki mbili kabla ya kifo, uani, na aliyekuwapo ni mama yenu. Basi tukamwomba kaka aende kwa mama, amwulize polepole, bila kumtia maneno kinywani. Mama alimjibu akiwa anapepeta mchele: «Siku ile baba yenu alikuwa akisema habari za mto na mdogo wake. Mimi nilitoka kuchota maji. Niliporudi walikuwa wanakula.»

Yule mama mjane aliyetupangisha alifuata habari hiyo kila jioni kama watu wanavyofuata tamthilia ya redio. Tulipomsomea jibu, tukilitafsiri sisi wenyewe, aliuliza mara moja, kama mwalimu: «¿Decía?» Ndiyo, tulimjibu; mama ametumia umbo hilo, si lingine. Akatikisa kichwa, akasema kwamba mama huyo ni mwanamke mwenye akili, akaenda kuzima jiko.

Wazee walikutana mwezi wa tisa, nasi tulikuwa tumekwisha kurudi. Baba mdogo alirudia neno lake, wala hakuna aliyemwita mwongo, maana hakuna aliyejua. Mama aliulizwa mara ya pili mbele ya watu, akajibu vilevile, hakuongeza wala hakupunguza. Mzee wa ukoo aliuliza kama yuko mtu mwingine aliyesikia. Hakuwapo. Wakapima shamba kwa kamba, wakampa baba mdogo mistari ya migomba iliyo karibu na maji, na kaka akabaki na sehemu ya juu pamoja na mihogo yake, ambayo mwaka huu imestawi.